Bakuli Lililorudi Tupu

Mwanamke mmoja alikuwa na mapipa ya achari nyuma ya nyumba yake. Jina lake Mwanahija, na kwa miaka kumi na miwili achari yake ya embe ndiyo iliyolisha nyumba yake na nyumba za wanawake wawili waliomkatia maembe. Mwaka huo akapata wazo la achari ya fenesi bichi. Akaionja, akaipenda, ila hakutaka kujidanganya. Basi akajaza mabakuli ishirini, akayagawa kwa majirani, akangoja.

Mji ule una adabu yake: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Bakuli moja lilirudi na mayai, jingine na ndimu, jingine na vitumbua vya moto, na kila moja lilikuja na sifa zake. Mwanahija alifurahi mno. Kumi na tisa yalirudi yamejaa. La ishirini lilirudishwa na Mwatumu, muuza mihogo ya kukaanga, aliyesimama mlangoni na bakuli tupu, hata kuoshwa halijaoshwa vizuri, akauliza achari hiyo itaanza kuuzwa lini. Mwanahija alimjibu kwa mkato, akafunga mlango. Mwanamke huyu hana haya, alisema moyoni, amekula na bado anataka nyingine.

Msimu wa embe ulipoingia, aliuacha upite. Mapipa yote akayajaza fenesi. Wanawake wale wawili walimwomba abakize walau pipa moja la embe. Akawakumbusha yale mabakuli kumi na tisa. Chupa zikapangwa, mlango ukafunguliwa, na waliokuja waliulizia embe. Wiki ya tatu fenesi likaanza kulainika mapipani. Ikabidi awaambie wenzake wapumzike nyumbani kwanza, na hilo lilimuuma kuliko fenesi lenyewe.

Akaenda kwa Zulfa, jirani wa ukuta mmoja, aliyeisifia achari ile kuliko wote. Hakwenda kugombana, alitaka kujua tu kwa nini hajanunua hata chupa. Zulfa aliinamisha macho.

“Dada, tungekurudishiaje bakuli tupu?”

Mwanahija alirudi akaketi kati ya mapipa yake, akamkumbuka mtu mmoja ambaye hakuleta chochote, na aibu ikamshika. Kulipokucha alichukua chupa mbili, akaenda penye karai la Mwatumu kumwomba radhi. Mwatumu wala hakuutaja ule mlango. Alinunua zote mbili, akaeleza kwamba siku ile aliwawekea wateja wake achari juu ya mihogo, wakaimaliza wakamtuma akaulize zaidi, na mpaka leo hawajaacha kuiulizia, ila yeye hakujua kama imeshaanza kuuzwa. Akamtajia na wakaanga mihogo wengine wanne.

Mapipa mengi yalimwagwa, na embe ilibidi kungojwa hadi mwaka uliofuata. Pipa moja liliokoka, likaisha lote kwenye mihogo, na mmoja wa wale wanawake wawili akaitwa arudi kazini.

Nanyi mlio na kitu kipya mikononi, mnaozunguka mkiwauliza watu kama watakipenda: ni nani mliyemfungia mlango kwa sababu alileta bakuli tupu?