Fisi na Kilio cha Feruzi

Nitoe, nisitoe?
— Toa tusikie!
Niseme, nisiseme?
— Sema tuambiwe!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakibisha hodi kama watu, aliishi mwanamke akiitwa Siwatu. Mumewe alikuwa amekwenda mbali kuchota chumvi, akamwachia shamba la mtama na mtoto mchanga, Feruzi.

Feruzi alikuwa halali mchana. Akibebwa, analia. Akilazwa, analia. Akiimbiwa, analia. Siwatu alishinda shambani akifukuza ndege kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akimrusharusha mtoto, akijiuliza: “Ana homa? Tumbo linamkata? Au maziwa yangu hayamtoshi?”

Kilio kile kikavuka shamba, kikavuka kijito, kikaingia kichakani alikokaa Fisi.

Fisi akaja, akasimama mpakani mwa shamba. “Hodi, mama Feruzi!”

“Ishia hapo hapo.”

“Mtoto analilia nini?”

“Usingizi.”

“Nipe nimbembeleze.”

“Mwanangu habembelezwi kwa meno. Nenda!”

Fisi akaenda. Kesho yake akarudi, akasimama katikati ya mtama. “Hodi, mama Feruzi! Mtoto analilia nini?”

“Usingizi.”

“Nipe nimbembeleze.”

“Nenda, Bwana Fisi. Nakuomba, nenda.”

Akaenda. Keshokutwa akasimama mlangoni mwa kibanda chao cha shambani. “Hodi, mama Feruzi! Macho yako mekundu. Nipe nimbembeleze, nawe ulale.”

Siwatu alikuwa amechoka, wenzangu, amechoka hata masikio yanavuma. Akaona mikono yake yenyewe inamwinua mtoto, inampeleka mlangoni. Akashtuka! Akamrudisha kifuani.

Fisi akacheka. “Haya. Kesho nikimsikia analia, siombi tena. Nachukua.”

Siwatu akamfunga mtoto mgongoni, akakimbia mpaka kwenye mkuyu wenye tundu, alimolala Komba. Nani asiyejua kwamba Komba hulala mchana kutwa?

“Shikamoo, bibi! Amka, mwanangu ataliwa!”

“Marahaba. Ataliwa na nani?” Komba akatoa kichwa, macho mawili kama sahani. Siwatu akamweleza yote.

“Kabla hajalia, huwa anafanya nini?”

“Sijui, bibi. Huwa nafukuza ndege.”

“Basi leo keti umtazame.”

Wakakaa. Feruzi akacheza na jani. Mara akaliacha jani. Akageuza uso pembeni, akitazama pasipo kitu. Akajifikicha jicho, akajivuta sikio. Siwatu akanyanyuka ampigie makofi achangamke.

“Tulia!” Komba akasema. “Usingizi ndio huo unapita. Wewe humngoja mpaka alie, na akilia umeshapita, naye amechoka hata hawezi kuushika. Ukiona vile, mnyonyeshe, mwingize penye giza, mwimbie wimbo ule ule, polepole. Mlaze chali kabla macho hayajafumba kabisa. Akiguna, usimrukie. Ngoja.”

“Na ndege je?”

“Waache ndege wale mtama.”

Kesho yake Siwatu akatundika kanga mlangoni, kibanda kikawa giza. Akamtazama mtoto, hakumtazama ndege hata mmoja. Feruzi akageuza uso. Akajifikicha jicho. Siwatu akamnyonyesha, akamlaza mkekani, akaimba chinichini:

Lala, Feruzi, lala,
jua kali, kivuli kipo,
lala, Feruzi, lala,
mama yupo, hatoki.

Nje, majani yakachakarika. Fisi!

Feruzi akaguna. Siwatu akauma kidole chake. Feruzi akaguna tena. Mikono ilimwasha kumnyakua, lakini akangoja. Mtoto akapumua kwa nguvu mara moja, akanyamaza.

Fisi akatega sikio huku, kimya. Akatega kule, kimya. “Wamehama,” akasema. “Wamenihama!” Akaondoka akinung’unika, akavuka kijito, asirudi tena.

Ndipo kimya chenyewe kikamtisha Siwatu. Mbona ametulia hivi? Akaweka kiganja kifuani mwa mtoto. Kikapanda. Kikashuka. Kikapanda. Siwatu akalia machozi bila sauti, asije akamwamsha.

Mume aliporudi na chumvi yake, akashika kichwa. “Mama Feruzi! Ndege wamekula upande mzima wa shamba!”

“Wamekula,” Siwatu akasema. “Mtoto amelala.”

Mume akachungulia kibandani. Akatua mzigo wake taratibu, akavua viatu.

Basi, enyi wenye watoto, msingoje kilio. Mtazameni mtoto angali kimya, atawaonyesha mwenyewe saa yake ya kulala.

Mimi nilipita pale nikabisha hodi. Nikaambiwa, “Shii!” Nikageuza njia, hata maji ya kunywa sikupewa.

Nimetoa, nimemaliza?
— Umetoa, tumepokea!