Mlango wa Mwinyimvua

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mmelisikia neno hilo kwa mwalimu wenu, mkalirudia mkicheka, na sasa mwataka kujua lilikotoka. Nitawaambia, ingawa si jambo la kuchekea. Lilianza hivi.

Zamani za babu wa babu yangu, katika mji wa Mtondoni, palikuwa na tajiri wa mbao akiitwa Mwinyimvua. Msitu wote wa mivule juu ya mji ulikuwa wake. Siku zile palikuwa na desturi: mti ukimwangukia mtu akafa, shoka zote huwekwa chini, watu wakamzike. Mti wenyewe hauuzwi. Mbao zake za kwanza hufunika kaburi la marehemu, zinazobaki ni za mayatima wake.

Mwinyimvua aliichukia desturi hiyo, kwa kuwa mvule wake mnene kuliko yote ulikwenda kwa mayatima. Basi alipochaguliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria za mji, aliuza msitu, maana wajumbe walikatazwa biashara. Kinyongo hakukiuza. Sheria yake ya kwanza ilisema kwamba mti ni mali ya mwenye msitu, umeua au haukuua, na kazi isisimame kwa sababu ya maiti. Atakayeondoka kabla ya jua kuchwa, afungwe.

Mjane mmoja, Chausiku, alimwendea akilia. Mumewe alikuwa ameangukiwa na mti, maiti yake imelala msituni tangu asubuhi, haina wa kuibeba. Mwinyimvua hakumkaribisha hata kuketi.

"Sheria haina jamaa, bibi," alimjibu. "Subiri jua lichwe."

Nasikia uchungu hata leo nikilisimulia hili. Mwanamke yule alirudi msituni, akakaa kumfukuzia mumewe nzi.

Sasa, Mwinyimvua alikuwa na mwana mmoja tu, Mshangama, aliyebaki kule msituni akimpimia magogo mwenye msitu mpya. Mwaka haukupita, mvule ukamwangukia. Baba alipofika alimkuta amefunikwa shuka, na kando yake watu wawili wanaukata mti ule kwa msumeno mrefu, mmoja upande huu, mwenzake upande ule. Aliwasihi waache, wambebe kijana, na wampe walau mbao za kaburi. Mmoja wao alikuwa Mhina, kaka yake Chausiku. Mkono wake haukusimama.

"Mzee," alisema, "siku ya shemeji yangu msumeno huu ulikwenda upande wetu. Leo umerudi upande wako. Wenyewe haujui mtu, unakata tu. Subiri jua lichwe."

Mwinyimvua akaketi chini, akaanza kumfukuzia mwanawe nzi.

Jua lilipokuchwa walimzika. Mbao za kufunikia kaburi hazikupatikana, maana zote zilikuwa za mwenye msitu. Tajiri wa mbao akaenda kung'oa mlango wa nyumba yake.

Haya, lisemeni tena: sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Naona leo hakuna anayecheka.