Kinanda Kilichojua Kungoja

Mwenda pole hajikwai. Wahenga hawakuahidi kwamba mwenda pole hufika wa kwanza, na wanaowasingizia hivyo wakome. Walichosema ni kwamba anayefanya jambo lake kwa utaratibu, akitazama anapokanyaga, hufika akiwa mzima, huku mwenye pupa akibaki njiani akijipangusa goti. Vijana wengi hulicheka neno hili, hasa waendesha pikipiki. Basi na wasikie habari za Kyakimwa, binti Athanase.

Kyakimwa alikuwa na duka dogo karibu na Karuba, katika milima ya Masisi. Baba yake alilifungua zamani alipohamia huko kutoka Butembo. Waliuza chumvi, sabuni na betri za tochi, na juu ya bati palikuwa na paneli ya jua ya kuchajia simu za watu. Palikuwa pia na kompyuta, ambayo Kyakimwa aliitumia kuwawekea wateja nyimbo katika simu zao. Lakini sifa ya nyumba ile haikuwa duka. Sifa yake ilikuwa sauti ya huyo baba, Papa Athanase kama walivyomwita, sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Kanisani kwao, siku ya Misa ya mavuno, watu walipokwenda altareni wakicheza, vikapu vya viazi na maharagwe vikiwa vichwani, ni yeye aliyeuongoza wimbo wa matoleo.

Ukaja mwaka 2012, vita vikarudi milimani. Siku moja Papa Athanase alikuwa akitoka sokoni Ngungu risasi zilipoanza kulia. Alilala kifudifudi katika shamba la mahindi mpaka milio ikakoma, kisha akarudi nyumbani bila hata mkwaruzo. Walimshukuru Mungu. Hawakujua bado kwamba hofu ilikuwa imerudi naye. Tangu siku ile, kila alipoimba, katikati ya mstari kifua kilimbana na pumzi ikakatika. Alifumba macho, akatulia, ndipo sauti ikarudi.

Katika Misa ya mavuno mwaka ule, Guylain, kijana mpiga kinanda wa kwaya, alikuwa amefungulia zile ngoma za ndani ya kinanda, zinazojipiga zenyewe ukibonyeza kitufe. Mzee alipokwama, ngoma hazikujua. Zilisonga mbele, Guylain akazifuata, kwaya ikamfuata Guylain. Papa Athanase akabaki na mstari wake mdomoni kama abiria aliyeshuka lorini kwenda haja, lori likaondoka. Wapo waliocheka. Kuanzia hapo hakuimba tena, hata alipokuwa akinyoa ndevu.

Kyakimwa aliumia sana. Nyumba bila sauti ile ilikuwa kama jiko lisilo na moto. Akapiga moyo konde: kama Guylain hawezi kumngoja mzee, yeye mwenyewe atajifunza kinanda, ili baba yake auimbe wimbo wa matoleo hadi mwisho mbele ya watu walewale. Ubaya ni kwamba hakujua hata kibonye cha kuanzia.

Binamu yake wa Butembo alimtumia kinanda kidogo cha betri, pamoja na programu ya kujifunzia piano ambayo ndani yake alikuwa ameutia wimbo ule wa matoleo. Kyakimwa aliunganisha kinanda na kompyuta kwa waya mmoja, basi, darasa likaanza palepale dukani. Kwenye kioo cha kompyuta viliteremka vijiti vya rangi, kila kimoja kikionyesha kibonye cha kubonyeza. Ukikosea au ukichelewa, vijiti vilisimama hewani mpaka upate. Mashine haikuguna wala haikufoka. Ilingoja tu. Kyakimwa alijifunza kila wateja walipopungua, mkono wa kuume kwanza, kisha wa kushoto, kisha yote miwili, na vidole vilimuuma kama aliyeshinda akipalilia.

Guylain alikuja siku moja kuchaji simu, akasikia.

"Dada Kyakimwa," akacheka, "weye uko unapiga piano ao unachagua mawe mu maharagi?"

"Niko nachagua mawe," akajibu Kyakimwa bila kugeuka. "Siku utakula maharagi yangu, hautavunja jino."

Jibu lilikuwa zuri, lakini majibu mazuri hayapigi kinanda. Mama Dorothée, kiongozi wa kwaya, alipomruhusu kujaribu katika mazoezi, mambo yalikwenda mrama. Kyakimwa alikosea noti moja, na kama alivyozoezwa na mashine yake, akasimama kuitafuta. Wanakwaya walikuwa wameshapita. Wengine wakarudi nyuma, wengine wakaendelea, sauti zikagongana kama mbuzi mlangoni.

"Juu ya nini unasimama?" akauliza Mama Dorothée.

"Nilikosa noti, Mama. Nilikuwa naitafuta."

"Eh, mwanangu! Wimbo haingojaka muntu! Ukikosa, unapita!"

Kyakimwa alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Programu ilikuwa imemfundisha kungoja, na hakuna kwaya iliyotaka mtu wa kungoja. Aliamua kumrudishia binamu kinanda chake. Kesho yake alasiri, kabla ya kukifungasha, akaupiga ule wimbo wa matoleo kwa mara ya mwisho, wa kuagana.

Papa Athanase alikuwa nyuma ya meza ya duka akirekebisha tochi ya mteja. Bila kujijua akaanza kuufuata wimbo puani. Katikati ya mstari pumzi ikamkatika. Wakati uleule kidole cha Kyakimwa kikakosa kibonye, vijiti vikasimama hewani, na duka zima likanyamaza. Binti akatafuta noti, baba akatafuta pumzi. Wakapata pamoja, wakaendelea. Katika ubeti uliofuata mzee alikwama tena. Safari hii Kyakimwa hakukosea, ila aliacha kidole juu ya noti, kwa makusudi, mpaka aliposikia sauti imerudi. Ubeti wa mwisho mzee aliuimba kwa maneno yake yote. Kyakimwa hakuthubutu kugeuka, kwa kuogopa kumshtua.

"Ile masini yako," akasema Papa Athanase alipomaliza, "iko na adabu."

"Papa, tutaimba hivi ku mavuno?"

"Achana na ile. Ku kanisa hakuna masini ya kungoja."

"Mimi niko, Papa."

Mzee akaendelea na tochi yake, lakini kinanda hakikufungashwa.

Misa ya mavuno iliyofuata ilipokaribia, mapigano yaliifunga barabara ya Sake. Petroli haikufika, jenereta ya kanisa ikalala, na kinanda kikubwa kikalala nayo. Kilichobaki ni kile kidogo cha Kyakimwa, ambacho betri zake zilikuwa tele dukani. Guylain alikijaribu, akazitafuta ngoma zake, akazikosa, akakisukuma kando.

"Hii ni ya watoto," akasema.

Mama Dorothée akaguna. "Kyakimwa, kuya weye. Tutafanya je?"

Siku ya Misa kanisa lilijaa hadi mlangoni. Ulipofika wakati wa matoleo, Kyakimwa alipiga utangulizi wa wimbo. Alimtazama baba yake aliyekaa benchi la nyuma. Alijua kwamba mzee akikwama na kuchekwa tena, hatafungua kinywa maisha yake yote. Alijua pia kwamba asipojaribu leo, hatajaribu kamwe. Akaurudia utangulizi. Watu wakageuka. Akaurudia tena, polepole zaidi, kama mtu abishaye hodi na hana nia ya kuondoka.

Papa Athanase akasimama.

Mstari wa kwanza ulitoka safi. Wa pili pia, na watu wakaitikia, wenye vikapu wakaanza kusogea mbele wakicheza. Katikati ya mstari wa tatu, pumzi ikakatika. Mzee akafumba macho. Vikapu vikasimama. Mwanakwaya mmoja akafungua kinywa apite, na Guylain akaanza kugonga benchi kwa vidole ili kuuharakisha wimbo. Mama Dorothée akamshika mkono, akautuliza.

Kyakimwa hakupita. Aliziacha noti zake zikilia chini chini, bila kusonga mbele wala kurudi nyuma. Kanisa zima lilingoja, na kwa kuwa kinanda hakikuwa na wasiwasi, watu nao hawakuwa nao. Hakuna aliyecheka.

Kisha pumzi ikarudi, na sauti ikarudi na pumzi, pana kama zamani. Watu walivyoitikia! Mzee alikwama tena katika ubeti wa pili, na kila mtu akangoja kwa furaha, kama wanaongoja chungu kichemke. Aliuimba wimbo mpaka neno la mwisho. Vigelegele vikapasua bati. Kyakimwa akashusha pumzi ambayo alihisi ameibana tangu mwaka uliopita, akalia bila haya.

"Shingo yangu inauma na hii kikapo," mama mmoja akapaza sauti kutoka kwenye msafara, "lakini Papa, imba tena!"

Kanisa likaangua kicheko, na Papa Athanase mwenyewe akacheka kuliko wote.

Baada ya Misa, Guylain alimfuata Kyakimwa akijikuna kisogo. "Dada, ile programu yako inaweza kunifundisha na mimi?"

"Kuya kesho," akajibu Kyakimwa, akifuta macho.

"Na ulete maharagi," akadakia Papa Athanase. "Njo utaanza kwa kuchagua mawe."

Wakateremka mlima pamoja, na mzee aliimba njia nzima, akisimama pumzi ilipokatika, na wenzake wakisimama naye bila kuulizana. Ngoma zenye mbio zilimwacha njiani. Kidole chenye subira kilimfikisha altareni. Hakika, mwenda pole hajikwai.