Nyumba ya Bibi Leokadia

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa mji!

Basi nyamazeni, maana mji wenyewe umeshakufa, na mimi sipendi kuusimulia mara mbili.

Hapo kale, huko Uhispania, palikuwa na mji juu ya kilima. Mdogo, lakini msiudharau. Ulikuwa na lango la mawe, ulikuwa na mnara wa kengele, ulikuwa na nyumba za mababu zenye mapaa ya mbao. Kila jioni moshi ulipanda kutoka kila jiko.

Humo aliishi Bibi Leokadia, mjane. Hakuwa na kitu ila nyumba. Alizaliwa humo, akazaa humo, na alitaka afie humo. Hilo tu. Kuna ubaya gani?

Sasa, alikuwepo Basilio, mtu wa maneno matamu. Siku moja akawakusanya watu.

"Ndugu zangu, wageni watatoka mbali kuja kuutazama mji wetu. Lakini moshi unachafua mawe ya mababu. Zimeni majiko."

Watu wakavimba kwa sifa, wakazima majiko.

Akaja tena. "Mbuzi wanakojolea kuta za mababu. Waondoeni." Wakawaondoa.

Akaja tena. "Na nyie wenyewe mnachakaza ngazi za mababu. Hameni, mkakae bondeni."

Jamani, wakahama. Na makofi wakampigia.

Bibi Leokadia alikataa. "Mwanangu Basilio, moshi wetu ndio unaofukuza wadudu kwenye mbao. Tukiondoka, mapaa atayatunza nani?"

"Bibi, unataka kutuaibisha mbele ya wageni?"

Majirani waliomsaidia kumzika mumewe ndio hao hao waliombeba, yeye na kitanda chake. Alilia njia nzima.

Mji ukabaki safi, kimya. Wadudu wakaingia kwenye mbao. Wakala, wakala, wakala. Mvua zilipokuja mapaa yakaporomoka, na kuta nyingi zikafuata.

Mnadhani Basilio aliona haya? Thubutu. Alizungusha kamba kwenye vifusi, akawaambia wageni, "Tazameni, magofu mazuri kama haya hamtayaona popote." Na wageni wakaja, tena wakafurika.

Bibi Leokadia naye akapanda kilima kwa fimbo yake. Nyumba yake ilikuwa imebaki ukuta mmoja na mlango. Akasimama nje ya kamba, akapatazama pale alipozalia wanawe. Moyo ulimuuma.

"Basilio, mwanangu, niache niingie. Nikae kidogo tu."

"Haiwezekani, Bibi. Utaharibu."

Mgeni mmoja akamgusa bega kutoka nyuma, kwa upole kabisa. "Samahani, mama, sogea kidogo. Unatuzibia."

Bibi Leokadia akasogea.

Ngano yangu imekomea hapo. Utamu wake, kama mmeuona, gawaneni. Uchungu niachieni, mimi nimeshauzoea.