Kwa Nini Watu wa Mrindi Humpigia Vigelegele Anayeuliza Maana ya Neno

Hapo zamani, milima ilipokuwa na watu wachache na majivuno mengi, watu wa Mrindi walikuwa hawaulizi maana ya neno. Mambo mengine waliuliza kama binadamu wote: njia, hali ya mgonjwa, bei ya jembe. Lakini neno geni likitajwa mbele ya mtu mzima wa Mrindi, mtu huyo alitikisa kichwa polepole, akafumba macho kidogo, akasema "Naam," kana kwamba alizaliwa nalo. Kuuliza maana ilikuwa kazi ya mtoto anayenyonya. Mtu mzima akithubutu, wazee walimwondoa barazani na kazi yake ya heshima wakampa mwingine.

Msicheke sana. Ni watu wetu hao, na majivuno yao tumeyarithi, ila tumeyahamishia mahali pengine. Ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Mrindi ilikuwa na ndiva, na bado inayo. Ndiva ni bwawa la udongo walilolichimba mababu huko juu, chini ya chemchemi. Usiku kucha linajaa, alfajiri mlango wake unafunguliwa, na maji yanashuka kwa mifereji hadi mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Bila ndiva, Mrindi ni mawe na upepo. Siku hizo mlango ulikuwa mikononi mwa Nakunda, mjane wa aliyekuwa mlinzi wake. Mumewe alipofariki, wazee walimwachia kazi ile kwa shingo upande, wakisema wamtazame kwanza. Namcha, mama mkwe wake, alitaka kazi irudi kwa mwanawe mdogo, na hakuficha. Kila asubuhi Nakunda alipozibua mlango, Namcha alikuwa amesimama kwenye kingo, mikono kiunoni, akisubiri akosee.

Nakunda hakukosea. Aliipenda kazi ile kuliko alivyoweza kusema. Maji yalipomkimbilia miguuni na kwenda kwenye maharage ya watu, alijiona mtu kamili, na hakuna aliyemkumbusha kwamba ni mjane.

Basi, wakaja wageni kutoka Hispania. Walikuja na punda waliobeba vipande vya mizabibu vilivyofungwa kwa nguo mbichi, wakaomba ardhi ya bondeni ambayo hakuna aliyeitaka, wakapewa. Mkubwa wao aliitwa Don Anselmo, mtu mrefu mwenye kofia pana, na mkewe aliitwa Doña Inés. Haukupita msimu, watu wa Mrindi wakajitangazia kwamba wanajua Kihispania. Waliwasikiliza wageni, wakawatazama nyuso, wakakisia. Wakikisia vibaya, walitembea na kosa lao kama nguo ya sikukuu. Mzee Kiondo aliulizwa jambo na kinyozi wa wageni, akatikisa kichwa, na ndevu zake alizozifuga tangu ujana zikaanguka chini zote. Alipita sokoni kidevu kikimeremeta, akisema ndivyo alivyoagiza.

Nakunda naye alitikisa kichwa kama wenzake. Lakini mtoni, alipofua pamoja na Doña Inés, aliona jambo lililomchoma moyo. Mama yule wa kigeni aliuliza kila kitu. Aliinua kata akauliza. Alisikia mtu akitaja ndiva, akaacha nguo majini na kusema, "¿Qué quiere decir?" yaani neno hilo lina maana gani. Akielezwa, alilirudia mara kadhaa huku akijicheka, na kesho yake alikuwa nalo, analitumia vizuri. Nakunda alipojipima, aliona kwamba mwenzake ameshajua Kimrindi cha kutosha kugombana na wauza ndizi, naye mwenyewe bado ana maneno yaleyale ya Kihispania ya kusalimiana. Alimwonea wivu. Njiani, akiwa peke yake na beseni kichwani, alijaribu kuyatamka maneno yale ya kuulizia. Mdomo ulikubali. Ila mbele ya watu hakuthubutu.

Kisha mvua zikachelewa. Bondeni mizabibu ikaanza kukauka ncha, na Don Anselmo akapanda mlima na watu wake kuja barazani. Wazee walimpokea kwa heshima zote, maana mgeni mwenye shida ni mgeni mara mbili kwao. Mzee Mgonja, mkuu wa baraza, alikaa katikati. Nakunda alikaa pembeni na kibuyu cha maji ya ndiva, kwa sababu mapatano ya Mrindi yalifungwa kwa kunywa. Mkuu wa baraza akishayameza maji yale mbele ya mgeni, neno limekwisha. Hata angekuwa amekosea, hakuna wa kulirudisha.

Don Anselmo alisema polepole ili aeleweke. Alichora duara ardhini kwa fimbo, akaligawa katikati. Aliomba nusu ya maji ya ndiva. Hadi hapo wote walimwelewa, wakanong'ona kwamba nusu ni nyingi, lakini shida haina adabu, na siku chache watavumilia. Ndipo akamalizia kwa neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia: siempre. Alilisema mara mbili, akiwatazama usoni mmoja mmoja.

Mzee Mgonja akafumba macho kidogo. "Naam," akasema. Wazee wengine nao wakasema naam.

"Nakunda, mwanangu, lete kibuyu," Mzee Mgonja akaagiza. "Mgeni ametoka mbali."

Nakunda alisimama na kibuyu, lakini miguu haikwenda. Lile neno lilikuwa limemkaa kifuani. Aliwatazama wazee na kuona kwamba hakuna hata mmoja anayelijua, maana aliujua vizuri ule mtikiso wa kichwa. Ulikuwa wake pia. Kama neno lile ni dogo, atauliza na kupoteza mlango wa ndiva bure, na Namcha atacheka mpaka masika. Kama ni kubwa, basi kilichomo kibuyuni ni maji ya watu wote. Aliogopa, tena aliogopa sana.

"Nakunda!" Mzee Mgonja akaita tena, safari hii kwa ukali.

"Nisamehe, baba," akasema Nakunda. "Nina jambo kwa mgeni kwanza." Akamgeukia Don Anselmo, akakibana kibuyu kifuani, na kwa sauti iliyosikika hadi nje ya ua akauliza, "Siempre. ¿Qué quiere decir?"

Mzee Kiondo alijikuna kidevu kilichokuwa hakina kitu. Kutoka walikokaa wanawake, Namcha akasema, "Haya, mmemsikia wenyewe! Mtu mzima anauliza kama mtoto!"

Don Anselmo hakucheka. Alivua kofia, akafikiri, kisha akaanza kueleza kwa maneno machache aliyoyajua na kwa mwili wake wote. Alionyesha jua, akafuata njia yake kwa kidole mpaka linapotua, akasema kesho, na kesho, na kesho. Akajilaza chini katikati ya baraza, mikono kifuani, akafumba macho: yeye amekufa. Akainuka, akaashiria watoto wake wanafungua mlango wa maji. Akajilaza tena: watoto nao wamekufa. Akainuka, akaonyesha wajukuu, kimo cha goti, nao bado wanachota nusu. Alikuwa anajiandaa kujilaza kwa ajili ya vitukuu Mzee Mgonja alipomshika mkono.

"Inatosha, bwana," akasema. "Usituzikie ukoo mzima." Kisha akawageukia wenzake, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Kumbe ni milele! Mimi nilidhani anasema asante."

Mzee mmoja akasema alidhani ni jina la Mungu wao. Mwingine akasema alidhani ni salamu kwa wake zao. Mzee Kiondo akashusha pumzi ndefu, akasema, "Na mimi ndevu zangu sikutaka zinyolewe." Hapo baraza lote likaangua kicheko, hata wageni, ambao hawakujua kinachochekwa lakini walikuwa wamechoka kuihofia mizabibu yao.

Ila Namcha hakucheka. Alikuwa amesimama, anamtazama mke wa marehemu mwanawe. Mama huyu alikuwa na maharage yake chini ya mfereji wa tatu, na wajukuu wake wangeyalima baada yake, na kibuyu kilikuwa kimebakiza hatua chache tu kufika mdomoni mwa mkuu. Alipeleka mkono kinywani, akapiga kigelegele kirefu kilichoruka juu ya ua na kwenda kugonga mlima wa pili. Wanawake wakamfuata. Nakunda, aliyekuwa anasubiri kufukuzwa, alisimama na kibuyu chake, machozi yakimtoka bila kuona haya.

Don Anselmo hakukasirika. Alieleza kwamba aliwauliza mara mbili, wakakubali mara mbili, naye akashangaa ni watu gani hawa wenye ukarimu wa kutisha namna hii. Alikuwa tayari kuomba kidogo. Basi wakapatana upya: robo ya maji, hasta las lluvias.

Wazee wote wakamgeukia Nakunda. Hakuna aliyetikisa kichwa.

"Hasta las lluvias," akasema Nakunda, sasa anatabasamu. "¿Qué quiere decir?"

Mgeni akainua mikono na kuishusha huku vidole vinachezacheza: mpaka mvua zitakaponyesha. Vigelegele vikapigwa tena, vikubwa kuliko vya kwanza, na ndipo Mzee Mgonja akanywa, akijua anachokimeza. Mlango wa ndiva ukabaki kwa Nakunda, na Namcha ndiye aliyelidai hilo barazani, mikono kiunoni.

Na tangu siku hiyo, mtu yeyote akiuliza maana ya neno mbele ya watu wa Mrindi, hupigiwa vigelegele, awe mtoto au mkuu wa baraza. Vijana wetu wanaokwenda mbali kusoma Kihispania wameondoka na desturi hiyo. Darasani mwalimu anataja neno gumu, wenzao wanatikisa vichwa kama wazee wetu wa zamani, kisha mmoja anajikaza na kuuliza. Ukisikia kigelegele kinapasuka kutoka benchi la nyuma, mwalimu akaduwaa, jua hapo pana mtu wa Mrindi. Mwambieni asione haya. Ndiva yetu bado inajaa kila usiku, na alfajiri maji yote ni yetu, kwa sababu mwanamke mmoja hakujua neno na akasema hajui.