Gari la Bi Chausiku

Landrova mbovu ya Bi Chausiku ilikaa uani miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Haikuwa na pa kutokea tangu tajiri Shekalaghe, jirani yake, alipojenga ukuta mbele ya ua. Kila mama huyo alipolalamika, Shekalaghe aliapa kuwa hapo hapajawahi kuwa na njia.

Siku Bi Chausiku alipotangaza kuuza gari, Shekalaghe, mpenzi wa magari ya zamani, alifika na pesa taslimu. Mjumbe wa mtaa akaitwa kushuhudia mauzo, kama ilivyo ada.

"Ningekuuzia, baba, ila zima halitoki," alisema Bi Chausiku. "Bora nimpe mtu wa vyuma chakavu alikatekate."

"Ulikate gari kama hili? Litatoka lilikoingilia."

"Uzee huu, nimesahau. Liliingilia wapi?"

"Si hapo penye ukuta wangu? Magari yalipita hapo tangu enzi za marehemu mumeo, mtaa mzima unajua. Kesho nabomoa."

Mjumbe alikohoa, akautazama ukuta.

"Basi lete pesa," alisema Bi Chausiku. "Mjumbe amesikia kuwa hapo ni njia, kwa hiyo ukuta haurudi. Matofali niachie. Kuku wangu hawana tena pa kutagia."