Mjumbe wa Gando na Zimwi la Mlimani

Sogeeni, mnisikilize. Hapo kale nchi ya Gando ilikuwa na majembe lakini haina chumvi. Wele, nchi ya mbali, ilikuwa na chumvi lakini haina majembe. Mfalme wa Gando akamtuma Mwanakombo, mjumbe wake, akafunge mapatano. Mlimani, zimwi likamzuia.

“Nipe kicheko chako, upite.”

Akatoa, akapita, na wafalme wakapatana. Safari ya pili likataka machozi yake. Akatoa, na misafara ya kwanza ikapita. Safari ya tatu likasema, “Nipe hamu ya kwenu, nisimzuie mtu tena.”

Mwanakombo akawakumbuka watoto wa Gando waliokuwa wakilamba majivu kwa kukosa chumvi. Akatoa.

Aliporudi, mji mzima ulikuwa ukicheza ngoma. Mama yake akamkumbatia akilia.

“Mwanangu! Mbona kimya? Hukufurahi kuniona?”

Mwanakombo alijua kwamba hapo mtu huhisi kitu. Akakitafuta, hakukipata.

“Nimechoka tu, mama.”

Akaketi mkekani, akala chote alichopakuliwa, kisha akauliza msafara mwingine unaondoka lini.

Nami naishia hapo mkekani. Aliyesikia na amsimulie mwenziwe.